Pumzi ya Kamishna Ardizzi

Ilde Quattrucci alikuwa na kazi ambayo hata akikueleza mara tatu usingeiamini: alipiga mluzi kwa niaba ya wanaume. Mwanamume katika filamu anapanda ngazi mikono mfukoni, anachongoa midomo, anapiga mluzi wimbo ule ule uliopigwa na vinanda mwanzoni mwa filamu, kana kwamba naye alikuwa amekaa ukumbini akausikia. Wewe uliyekata tiketi unamgeukia mwenzio unasema, huyu bwana ana mluzi mtamu. Hana lolote. Mluzi ni wa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili, mwenye sweta ya kijivu, aliyesimama gizani katika chumba nyuma ya kituo cha tramu, na ambaye dakika tano kabla alikuwa akila tufaha kwa sababu tufaha huacha midomo laini.

Siku hizo sisi watu wa Roma tulipiga picha za filamu bila kujali sauti. Mbele ya kamera maseremala waligonga misumari, wapishi walipigizana kelele, na mwigizaji aliyesahau maneno yake alihesabu moja hadi kumi kwa uso wa majonzi, mwongozaji akasema vizuri sana, tuendelee. Sauti ilitiwa baadaye, chumbani. Walikuwapo watu wa kulia na watu wa kucheka. Alikuwapo bwana mmoja aliyebusu kiganja chake mwenyewe kwa niaba ya wapenzi wote wa Italia, huku mkewe akimngoja nje na kikapu cha mboga. Na alikuwapo Ilde.

Kupiga mluzi alifundishwa na baba yake, mwindaji wa ndege katika vilima vya Sabina. Mzee yule hakujaliwa mtoto wa kiume, akaona hasara ujuzi wake uende naye kaburini, akamfundisha binti kumwita ndege mpaka atue kwenye tawi la karibu. Mama hakutaka kusikia. Aliamini kwamba msichana akipiga mluzi, Bikira Maria hulia huko aliko, na kila Ilde alipochongoa midomo ndani ya nyumba alipata kofi. Kwa hiyo alijifunza kupiga mluzi nje, kwenye baridi, na kunyamaza ndani. Tabia hiyo haikumtoka maisha yake yote.

Alikuja Roma akiwa na miaka ishirini na minne kushona mavazi ya filamu. Siku moja, amechutama kwenye pindo la kanzu ya kardinali wa uongo, alijisahau akaanza kupiga mluzi. Mlango ukafunguliwa, kichwa cha mwanamume kikaingia, kikauliza nani huyo. Wanawake wote kumi na wawili walimnyoshea kidole, wakidhani anafukuzwa kazi. Yule mwanamume aliitwa Duilio Pansecchi, msimamizi wa chumba cha kutia sauti, na alikuwa na mchungaji wa kondoo kwenye skrini aliyekuwa akipuliza hewa tupu tangu asubuhi. Akamchukua Ilde vile vile, pini zikiwa bado kwenye sweta.

Baada ya mchungaji yule walikuja mabaharia, wafungwa, na wapanda farasi kadhaa waliopigana risasi kwenye machimbo ya mchanga nje ya mji. Akaja na muuaji aliyeimba kwa kufumba mdomo kabla ya kunyonga; huo nao ulikuwa uimbaji wa Ilde, aliushusha sauti mpaka koo likamuuma wiki nzima. Waongozaji walipenda sana mambo haya. Mtu akitembea na muziki wake mwenyewe mdomoni, watazamaji humwamini haraka, sijui kwa nini.

Kisha televisheni ikaleta Kamishna Ardizzi.

Kama uliishi Italia miaka ile, huna haja ya kuelezwa. Kama hukuishi, jua tu kwamba kila Jumapili jioni kamishna wa polisi alimtafuta muuaji kwa dakika hamsini, na mwishoni alipanda ngazi za jengo fulani, pole pole, akipiga mluzi muziki wa mchezo wake. Muuaji aliyeko ndani anausikia mluzi unakuja. Anaweka kijiko mezani. Mlango unabishwa. Mtaa wetu wa Tuscolano wakati huo ulikuwa kimya kabisa, hata mbwa walitulia, na Jumatatu asubuhi mwoka mikate alikuwa akiupiga wimbo ule, tarishi alikuwa akiupiga, na watu waliapa kwamba wamemsikia mtawa mmoja akiupiga kwenye foleni ya samaki.

Ilde aliutazama mchezo ule peke yake, ghorofa ya tatu, katika nyumba aliyoachiwa na mama, aliyekuwa amemfuata Roma. Hakuolewa. Mama aliugua miaka tisa, na mwanamke anayeuguza mama miaka tisa, akija kuinua macho, wanaume wa rika lake wote wamekwisha kuwa waume wa watu. Basi alikaa kwenye kiti chake na bakuli la supu ya dengu, madirisha ya ua yamefunguliwa, na mluzi wake ukamjia kutoka nyumba arobaini kwa pamoja. Hakuna aliyejua. Alijaribu kusema mara moja tu, kwa Elvira, mwangalizi wa jengo, aliyekuwa akipiga deki ngazi.

“Yule Kamishna,” Ilde alimwambia, “mluzi wake ni mimi.”

Elvira aliegemea fagio. “Wewe, sinyorina? Na mimi ndiye ninayemwendesha Papa kwenye gari.”

“Kweli nakuambia.”

“Haya, piga basi nisikie.”

Ilde aliweka chini mfuko wa mboga. Akachongoa midomo. Mbele ya jicho lile la Elvira, kwenye ngazi zile mama alizokuwa akipanda kila siku, midomo ilikauka na ikatoka hewa tu. Elvira alimpapasa bega kwa huruma, jambo lililouma kuliko kicheko.

“Si kitu, sinyorina. Wote tunampenda yule mwanamume.”

Tangu siku hiyo Ilde alifunga mdomo. Lakini Elvira, bila kujua, alikuwa amesema kweli.

Kamishna Ardizzi aliigizwa na Corrado Bellisario, mwanamume mrefu wa nywele za fedha aliyekuwa mpiga makasia katika ujana wake. Bellisario hakuwa na mluzi hata wa kumwita mbwa. Mwaka wa pili aliulizwa kwenye televisheni akasema alifundishwa na babu yake, na taifa zima likampenda babu ambaye hakuwahi kuwako. Ukweli ni kwamba alipopigwa picha gramafoni ilicheza wimbo kando ya kamera, naye akafuatisha kwa kupuliza hewa. Ila hewa ile ilikuwa ya kweli. Kifua kilijaa kweli na kilipungua kweli, na hapo ndipo kazi ya Ilde ilipokuwa.

Chumbani filamu ilikatwa vipande vifupi, kila kipande kikaunganishwa ncha kwa ncha kikawa pete, ikazungushwa kwenye mashine ikirudia tena na tena mpaka sauti ikae sawasawa. Mtu asiyejua angetazama midomo ya Bellisario. Ilde alitazama kifua. Bellisario akivuta pumzi, Ilde naye anavuta; akiishiwa, naye anaishiwa. Ukipumua mahali ambapo yeye hakupumua, mtazamaji hatajua kosa liko wapi, lakini atajisikia vibaya kama aliyeketi kwenye kiti chenye mguu mfupi. Duilio aliwaambia wageni wote kwamba wapiga mluzi wengine wana midomo, Ilde ana macho.

Hawakuwahi kukutana. Bellisario alikuja asubuhi kutia maneno yake, akaondoka na kelele zake zote. Ilde aliitwa alasiri, mluzi ukiwa wa mwisho. Lakini kwa miaka mitano, katika chumba chenye giza, alipumua na mwanamume yule pumzi kwa pumzi. Alijua anavyopumua akiwa na mafua, akiwa ameshiba, akiwa amegombana na mtu. Tuseme tu ilivyokuwa: alimpenda. Hakutarajia kitu. Alikuwa kama jirani wa ukuta mmoja, ambaye anajua kikohozi chako wala hajui sura yako.

Wimbo wa Ardizzi ulikuwa na mapigo kumi na sita. Mwaka wa kwanza, Bellisario aliupuliza wote kwa pumzi moja, ngazi kumi na mbili bila kukatisha, na Ilde alilazimika kufanya mazoezi wiki mbili ili amfikie. Mwaka wa nne alianza kuvuta pumzi kwenye pigo la kumi na mbili. Ilde hakujali, mtu anazeeka. Mwaka wa tano, siku ya kwanza, pete ilizunguka mara moja tu, Ilde akaishusha karatasi yake ya muziki.

“Irudie,” alisema.

Ikarudiwa. Mbali na pumzi ya kuanzia, Bellisario alivuta nyingine kwenye pigo la nane. Akavuta tena kwenye la kumi na mbili. Na safari hii kilichopanda hakikuwa kifua, yalikuwa mabega. Mkono wa kushoto ulitoka mfukoni ukashika ukingo wa ngazi. Alipofika juu alisimama kidogo kusoma jina la mwenye nyumba mlangoni, na aliyeandika mchezo ule hakuandika mahali popote kwamba Kamishna asome jina.

Ilde aliyajua mabega yale. Mama yake alianza hivyo hivyo. Alikuwa akifika ghorofa ya pili anasimama, anajifanya kutafuta ufunguo kwenye mkoba, na ufunguo umo mkononi mwa Ilde. Moyo ulikuwa umechoka, na walipokuja kumpeleka kwa daktari, daktari aliuliza kwa upole mbona hamkuja mapema.

“Vipi?” Duilio aliuliza kutoka nyuma ya kioo. “Umekula nini leo?”

“Anapumua mara tatu.”

“Basi nawe pumua mara tatu. Ndiyo kazi yako.”

“Duilio, huyu mtu mgonjwa.”

“Huyu mtu ana miaka hamsini na mitano na anavuta pakiti mbili kwa siku. Mimi nina sitini, sijapanda ngazi tangu vita viishe. Mbona huniulizi hali?”

“Wewe unapumua kifuani. Yeye anapumua mabegani. Mama yangu alianza hivi.”

Duilio alitoka nyuma ya kioo. Alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye woga wa kila mtu aliyemzidi cheo. Akashusha sauti ingawa walikuwa wenyewe.

“Nisikilize, dada yangu. Mama yako, Mungu amrehemu, hakuwa na mkataba wa vipindi kumi na viwili. Watu wa bima wakisikia neno moyo, mchezo unasimama. Mchezo ukisimama, mimi, wewe, watu wa taa, watu wa nguo, sote nyumbani. Na yeye akisikia kwamba neno limetoka chumbani kwangu, nimekwisha. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Piga mluzi wako.”

Ilde alipiga. Akavuta pumzi kwenye pigo la nane, na kwenye la kumi na mbili, akifuata mabega, na alipomaliza alijiona amefanya jambo baya, amemsaidia mtu kuficha.

Alikaa na neno lile siku kumi na moja. Aliandika barua akaichana. Ingesema nini, mimi usiyenijua nimehesabu pumzi zako? Alimfikiria mkewe, lakini magazeti yalisema mke yuko Milano na mwanasheria. Usiku alilala akisikia pigo la nane. Alijua akinyamaza hatapoteza kitu, ataendelea kupumua na Bellisario mpaka siku Bellisario atakapoacha. Alijua pia akisema huenda asiitwe tena chumbani. Hakuwa mwanamke jasiri. Hata muuza samaki alimpunja, naye akalipa tu. Lakini Alhamisi ile alivaa koti lake la kanisani, akaenda kwenye baa iliyo mkabala wa lango la studio, ambako Bellisario hunywa kahawa saa tatu asubuhi.

Alikuwa kaunta, mrefu zaidi kuliko kwenye skrini, amezungukwa na wanawake watatu waliokuwa wakicheka kabla hajasema kitu. Ilde alingoja zamu yake. Bellisario alichukua picha kutoka mfukoni, akafungua kalamu.

“Kwa nani, bibie?”

“Ilde.”

Akaandika: Kwa Ilde, mwenye macho mazuri. Hakuinua kichwa kuyatazama.

“Mwaka wa kwanza,” Ilde alisema, “ulikuwa ukipanda ngazi kwa pumzi moja. Sasa unapumua kwenye la nane na la kumi na mbili, na unapumua kwa mabega. Mkono wa kushoto unakufa ganzi?”

Kalamu ilisimama. Bellisario alimtazama sasa. Alimshika kiwiko, kwa adabu, akampeleka pembeni palipopangwa vikombe, na tabasamu lilibaki usoni kwa ajili ya wale watatu.

“Wewe nani?”

“Mimi ndiye mluzi wako.”

Akaelewa, na alichoelewa kilimpausha uso: babu, televisheni, magazeti. “Nani kakutuma? Lile gazeti la Jumatano?”

“Hakuna aliyenituma. Nimekuja kwa tramu.”

“Basi unataka nini? Jina lako kwenye skrini? Sema tu. Tuelewane kama watu wazima.”

Hapo tusimfanye Ilde malaika: alilitaka jina. Alikuwa ameliwaza miaka mitano, herufi nyeupe zikipanda, Elvira akiziona. Lilikuwa limewekwa mbele yake kama kahawa, na alichotakiwa ni kusema ndiyo.

“Nataka uende kwa daktari,” alisema. “Wa moyo. Wiki hii, usingoje wiki ijayo. Mimi sijui kitu kingine chochote, lakini pumzi yako naijua.”

Kwa kitambo kidogo uso wa Bellisario ulikuwa uso wa mtu aliyeamka kitandani alfajiri akajisikiliza. Kisha aliwageukia wale wanawake akapandisha sauti.

“Mnasikia? Sinyorina huyu anataka kunizika kabla ya Krismasi.”

Wakacheka, na mwenye baa akacheka. Bellisario aliweka kikombe, akampungia kila mtu mkono, akaondoka. Mlangoni aliegemea fremu kidogo, kama anayetafuta miwani mfukoni. Mabega yalipanda, yakashuka. Katika baa nzima hakuna aliyeona isipokuwa mwenye koti la kanisani.

Duilio alipiga simu Jumatatu.

“Ulikwenda.”

“Nilikwenda.”

“Nilikuambia nini, Ilde?” Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Amesema hataki kukusikia wala kukuona. Amesema tunazo tepe za kutosha sandukuni, tutumie hizo. Na wakubwa wamefurahi, ni kazi moja imepungua.”

“Mtatumia za mwaka gani?”

“Za mwisho. Ndizo safi.”

“Hizo zina pumzi tatu, Duilio.”

“Hakuna mtu katika Italia hii anayehesabu pumzi.”

“Mimi nahesabu.”

“Najua,” alisema Duilio. “Najua, Ilde wangu. Jitunze.”

Vipindi vilivyobaki vilionyeshwa. Kisha gazeti likasema mchezo umepumzishwa, Bellisario yuko Uswisi. Jingine likasema ana mpenzi huko, binti wa mwenye hoteli, likaweka na picha ya ziwa. Ilde alilisoma gazeti lile lote kwa msusi, mpaka matangazo, akitafuta neno moja ambalo halikuwamo. Alirudi kwenye sindano, katika duka moja la mavazi ya mapadri nyuma ya Panteoni, pamoja na wanawake wawili viziwi ambao angeweza kuwapigia mluzi siku nzima wasijue. Hakupiga. Filamu nazo zilibadilika, mashujaa walianza kunyamaza na kupiga risasi tu, na hata zile chache zilizotaka mluzi hazikumwita; neno lilikuwa limezunguka kwamba yule mwanamke huwaendea waigizaji na kuwatabiria kifo.

Miezi kumi na minne ilipita hivyo. Kuwa mpweke alikuwa amezoea, lakini huu ulikuwa upweke wa aina nyingine. Zamani alikuwa na mtu wa kupumua naye, hata kama mtu huyo hakujua. Sasa alipanda ngazi, akafungua mlango, akala, na hewa aliyoivuta ilikuwa yake peke yake. Alikwenda kanisani kumwashia mshumaa Bikira Maria, akamwomba radhi kwa machozi yote aliyomtoa tangu utotoni, na akamwomba amwambie jambo moja tu: yule bwana yu hai, au anakufa hotelini Uswisi kwa kunichukia mimi? Kama alikwenda kwa daktari, basi kazi iliyopotea haikupotea bure. Kama hakwenda, alikuwa amemtia hofu mgonjwa na kujitia umaskini, basi.

Oktoba, Jumapili, Kamishna Ardizzi alirudi.

Ilde hakupika. Alikaa kwenye kiti mikono mapajani, na Bellisario alipotokea alimwona amekonda, shati limelegea shingoni, nywele zimeachwa zikawa nyeupe kabisa. Kukonda hakusemi kitu. Wagonjwa hukonda, na waliopona hukonda pia. Alingoja. Muuaji alikuwa mfamasia. Ilde alijua tangu dakika ya kumi wala hakujali. Dakika ya arobaini na nane Kamishna alifika kwenye jengo la mfamasia, akatazama juu, akatia mikono yote miwili mfukoni.

Kifua kilijaa. Si mabega, kifua. Akaanza kupanda.

Mluzi ulianza, mluzi wa Ilde wa zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Pigo la nane likafika, na kwenye spika ikasikika ile pumzi ndogo ya haraka, fyu, ya mtu anayezidiwa. Kifua cha Bellisario hakikutikisika. Pigo la kumi na mbili, fyu nyingine, na yeye anapanda tu, midomo imechongoka, hewa inatoka pole pole bila kukatika. Ngazi kumi na mbili zikaisha. Hakushika ukingo. Hakusoma jina mlangoni. Alibisha.

Amepona. Alikwenda kwa daktari. Ilde alisema kwa sauti, peke yake, “Ulikwenda,” akajifunika mdomo kwa mikono miwili akalia, kwa furaha, na ndani ya furaha ile kulikuwa na hasira, kwa sababu kadi ya posta kutoka Uswisi si kitu kizito. Angeandika tu nilikwenda, bila jina. Angejua.

Ilikuwa lazima amwambie mtu. Akapiga simu kwa Duilio.

“Amepona,” alisema.

“Nani?”

“Bellisario. Anapanda kwa pumzi moja, kama mwaka wa kwanza.”

Zikasikika sahani, na watoto wa binti yake Duilio wakigombania kitu. “Ilde, tuko mezani.”

“Mluzi wenu haumfai, Duilio. Mluzi unaumwa, mwenyewe amepona. Hukuona?”

“Wamependa wote hapa,” alisema Duilio. “Mkwe wangu amependa sana. Tutaonana, eh? Nitakupigia.”

Alirudi kwenye kiti. Mfamasia alikuwa amekwisha pelekwa, na Kamishna alikuwa akitembea barabarani peke yake, akionekana mgongo kwanza, halafu ubavu, huku majina yakipanda juu ya koti lake: la mshonaji, la msusi, la dereva, la mtu wa taa. Alikuwa akipiga mluzi tena. Tepe ile ile, pumzi zile zile za mgonjwa zikimtoka mtu aliyepona.

Ilde hakuweza kuvumilia kazi mbovu kiasi hicho. Aliinuka, akazungusha kitufe mpaka sauti ikafa, akasimama mbele ya televisheni jinsi alivyokuwa akisimama chumbani. Hakujali mama, hakujali nani atasikia. Alikitazama kifua. Bellisario alivuta pumzi, naye akavuta, na wakaanza pamoja.

Mluzi ulitoka. Ulikuwa mwembamba kuliko zamani lakini ulikuwa safi, na mahali pake hasa, ukilala juu ya midomo ya Bellisario bila mwanya, la tatu, la tano, la nane bila kupumua, kwa sababu yeye hakupumua. La tisa. Kwenye la kumi hewa ya Ilde ikaisha. Aliitafuta asiipate. Bellisario aliendelea kupuliza, akapita chini ya taa ya barabarani, la kumi na mbili, la kumi na nne, akakata kona na wimbo wake mzima.

Ilde alishika mgongo wa kiti, akaketi. Alingoja pumzi irudi, na ilichukua muda mrefu. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu wa kuyaona.